Namna ya Kuchora Eneo la Kinga la Mgeuko wa Kurejea kwa Ndege Zinazotua kwa Ala

Mgeuko wa kurejea hufanywa na ndege iliyopita juu ya kituo cha redio, ikaenda mbali na uwanja kwa dakika chache, kisha ikageuka na kurudi ikiwa imeelekea barabara ya kutulia. Kwenye chati ya rubani mgeuko huo ni mstari mwembamba tu. Mstari wenyewe haulindi kitu. Kinachoilinda ndege iliyomo mawinguni ni eneo pana lililochorwa kuuzunguka, ambalo rubani haoneshwi, na ambalo ndani yake vilima, minara na majengo yote yamepimwa na kuachiwa nafasi. Kazi ya msanifu ni kulipata eneo hilo, na kila mstari anaouchora sharti uwe na sababu inayotajika: kosa fulani linaloruhusiwa la rubani, la chombo au la upepo. Mstari usio na sababu ufutwe, hata kama unapendeza.

Mwongozo huu unafuata Hati 8168 ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ijulikanayo kama PANS-OPS, hasa juzuu ya pili, ambayo ndiyo ya wasanifu. Wamarekani wana kitabu chao kiitwacho TERPS na namna yao ni tofauti: kwao rubani hupewa upande wa kugeukia na umbali wa kutovuka, kisha namna ya kugeuka huachiwa yeye mwenyewe. Kwa PANS-OPS rubani hufuata umbo lililochapishwa, na kwa hiyo msanifu hulinda umbo hilo. Anayejifunza hapa Dar es Salaam asichanganye vitabu hivyo viwili katika mchoro mmoja, kwa kuwa namba zao hazikukusudiwa kukaa pamoja.

Nitatumia mfano wa darasani: kituo cha kubuni cha VOR, redio inayomwonesha rubani yuko upande gani wa kituo, kilichosimama karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ambao uko chini sana, takribani futi 180 juu ya usawa wa bahari. Mgeuko unafanyika kwenye futi 3,000, na ndege ni za kundi B, moja ya makundi A hadi E ambayo ndege hugawanywa kwa kasi yake ya kuja kutua. Mfano huu si utaratibu uliochapishwa, na asiwepo wa kuurusha.

Chagua umbo na upande kwanza

Yapo maumbo mawili ya mgeuko wa kurejea. La kwanza ni la nyuzi 45 na 180: ndege inaiacha njia ya kwenda kwa nyuzi 45, inakwenda moja kwa moja mpaka itimie dakika 1 tangu ilipoanza kugeuka kwa makundi A na B, au dakika 1 na sekunde 15 kwa makundi C, D na E, kisha inageuka nyuzi 180 kwa upande wa pili ili kuikata njia ya kurudi. La pili ni la nyuzi 80 na 260, ambalo halina kipande kilichonyooka katikati na hivyo humalizika mapema kidogo. La pili huhesabiwa kuwa mbadala wa la kwanza isipokuwa chati ikatae waziwazi. Usipokataa, eneo lako litoshe maumbo yote mawili. Kuna pia mgeuko wa msingi, ambapo njia ya kwenda yenyewe inapishana kwa pembe na njia ya kurudi, lakini huo una hesabu zake na sitauingilia.

Upande wa kugeukia huamuliwa na ramani ya ardhi na ya anga kabla ya hesabu yoyote. Barabara kuu ya uwanja wetu ni 05/23, namba ambazo ni mwelekeo wa anayetua kwa makumi ya nyuzi. Anayetua barabara ya 05 hutokea kusini-magharibi, na huko ndiko viliko vilima vya Pugu na miinuko ya Kisarawe. Anayetua barabara ya 23 hutokea kaskazini-mashariki, juu ya mji na bahari. Wanafunzi wengi hukimbilia upande wa bahari kwa kuwa maji hayana vilima. Wasisahau kwamba uwanja wa Unguja uko takribani kilomita 70 tu kaskazini, na ndege zinapishana kati ya miji hiyo miwili kutwa nzima. Eneo la kinga lisilo na kizuizi hata kimoja cha ardhini bado linaweza kukataliwa kwa sababu limeingia katika njia za ndege nyingine. Kwa maoni yangu, mazungumzo na waongoza ndege yafanyike siku hii ya kwanza, kabla penseli haijagusa karatasi.

Hesabu za mwanzo

PANS-OPS inakupa kasi ya juu kabisa unayopaswa kuilinda, kama inavyosomeka kwenye saa ya kasi. Katika migeuko ya kurejea ni noti (maili za baharini kwa saa) 110 kwa kundi A, 140 kwa B, 240 kwa C na 250 kwa D. Kasi hiyo si kasi halisi ya ndege angani. Kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, kwa urefu au kwa joto, ndivyo ndege inavyokwenda kasi zaidi kuliko saa inavyoonesha. Hesabu hufanywa kwa hewa yenye joto la nyuzi 15 za Selsiasi juu ya kiwango cha kimataifa, na kwa Dar es Salaam sioni kwamba ni kutia chumvi. Kwa futi 3,000 kizidisho ni 1.073, hivyo noti 140 za kwenye saa zinakuwa noti 150 za kweli.

Kisha tafuta mwendo wa kugeuka. Mwinamo wa mabawa unaokubaliwa ni nyuzi 25, au mwinamo unaotoa mgeuko wa nyuzi 3 kwa sekunde ikiwa huo ni mdogo zaidi. Kanuni ni R = 3431 × tan α ÷ (π × V), ambapo R ni mwendo wa kugeuka kwa nyuzi kwa sekunde, α ni mwinamo na V ni kasi halisi kwa noti. Kwa mwinamo wa nyuzi 25 na noti 150 jibu ni nyuzi 3.4 kwa sekunde. Imezidi 3, kwa hiyo chukua 3. Nusukipenyo cha mgeuko ni r = V ÷ (20 × π × R), nacho kinakuja maili 0.80 za baharini, yaani karibu kilomita 1.5.

Fanya hesabu ileile kwa kundi D kabla hujaendelea, uone. Kasi halisi inapanda hadi noti 268, mwendo wa kugeuka unashuka hadi nyuzi 1.9 kwa sekunde, na nusukipenyo kinafika maili 2.25, karibu mara tatu ya kile cha kundi B. Kwa sababu hiyo msanifu mwenye busara hulichorea kila kundi, au angalau kila jozi ya makundi, eneo lake. Ukichora eneo moja la wote, ndege ndogo ya kwenda Mafia italazimishwa kubaki juu kwa ajili ya kilima ambacho isingekikaribia kamwe.

Upepo

Hapa ndipo eneo la kinga linapopata ukubwa wake, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu.

Kama unazo takwimu za upepo za mahali husika, unaruhusiwa kutumia kasi ya upepo ambayo asilimia 95 ya vipimo havikuizidi. Kama huna, tumia upepo wa ICAO: w = 2h + 47, ambapo h ni urefu kwa maelfu ya futi na jibu ni noti. Kwa futi 3,000 unapata noti 53. Upepo huo huhesabiwa kuwa unaweza kutoka upande wowote. Mkazi wa pwani atasema, na ni kweli, kwamba kaskazi huvuma kwa majira yake na kusi kwa majira yake. Pamoja na hayo, usiichonge ramani yako kwa kuwategemea hao wawili. Upepo wa futi 3,000 haulazimiki kufanana na ule unaojaza tanga la mashua pale Kunduchi, na ngurumo moja ya masika inaweza kuupindua kwa dakika chache.

Jambo la pili ni kwamba msanifu hamhesabii rubani ufundi wa kuurekebisha upepo wakati wa kugeuka. Juzuu ya kwanza, ile ya marubani, inamtaka arekebishe. Juzuu ya pili inachora kama kwamba hakurekebisha.

Sasa tazama ukubwa wake. Upepo wa noti 53 unaisukuma ndege maili 0.0147 kila sekunde. Mgeuko wa nyuzi 180 kwa nyuzi 3 kwa sekunde unachukua sekunde 60, na katika sekunde hizo ndege imesukumwa maili 0.88. Nusukipenyo cha mgeuko wenyewe ni maili 0.80. Yaani, katika nusu duara moja tu, upepo unaihamisha ndege zaidi ya nusukipenyo cha mgeuko wake. Anayechora duara safi la kugeuka na kuliongezea ukingo mwembamba wa tahadhari hajachora eneo la kinga.

Kuchora kiolezo

Kiolezo ni karatasi ngumu inayoangaza, au tabaka moja katika programu ya kuchorea, yenye umbo la mgeuko mmoja pamoja na makosa yake yote kuanzia nukta moja. Programu hufanya kazi hii kwa dakika, lakini mwanafunzi akichore kwa mkono angalau kiolezo kimoja, kwa kipimo kikubwa, la sivyo atakubali kila umbo ambalo kompyuta itamletea.

Weka nukta a kwenye njia ya kwenda. Kutoka a, songa mbele sekunde 5, maili 0.21, ambazo ni muda wa mabawa kuinama. Hapo ni b. Kutoka b chora mgeuko wa nyuzi 45 kwa nusukipenyo cha maili 0.80, unaochukua sekunde 15, ufike c. Dakika 1 ilianza kuhesabiwa pale a, kwa hiyo zimebaki sekunde 40 za kwenda moja kwa moja, sawa na maili 1.67.

Hizo sekunde 40 ni za rubani asiyekosea. Kosa la muda linaloruhusiwa ni sekunde 10 kwa kila upande, na zipo tena sekunde 5 za mabawa kuinama kwa mgeuko wa pili. Kwa hiyo anayewahi hukata kona baada ya sekunde 35, yaani maili 1.46, na anayechelewa hukata baada ya sekunde 55, yaani maili 2.29. Pua ya ndege nayo inaweza kukosea nyuzi 5 kulia au kushoto, hivyo kutoka c chora mistari miwili, mmoja wa nyuzi 40 na mwingine wa nyuzi 50, na kwenye kila mmoja weka alama ya anayewahi na ya anayechelewa. Umepata nukta nne. Kutoka kila moja chora mgeuko wa nyuzi 180 wa kurudi.

Upepo unaingia sasa, na kosa la kawaida ni kuanza kuuhesabu upya kwenye kila kona. Upepo haukuanza kuvuma ndege ilipogeuka. Hesabu sekunde zote tangu a. Kwa anayechelewa, mwanzo wa mgeuko wa pili ni sekunde ya 75, na upepo umekwisha kumsukuma maili 1.10. Mwisho wa mgeuko ni sekunde ya 135, na msukumo umefika maili 1.99. Kwenye kila nukta uliyoiweka alama juu ya mgeuko, chora duara lenye nusukipenyo sawa na msukumo wa sekunde hiyo. Madaraja ya nyuzi 30 yanatosha kwa kuanzia. Kisha unganisha migongo ya maduara hayo kwa mstari laini unaoyagusa yote kwa nje. Mstari huo hupanuka kadiri unavyozunguka, kama gamba la konokono, na duara la mwisho linakuwa na nusukipenyo kikubwa kuliko kipenyo kizima cha mgeuko. Mwanafunzi akiliona kwa mara ya kwanza hudhani amekosea hesabu. Arudie kuhesabu, lakini asilipunguze kwa macho.

Kutoka kiolezo hadi eneo

Kiolezo kinamlinda rubani aliyeanza mgeuko hasa pale a. Hakuna mwenye hakika hiyo. Nukta ya kuanzia mgeuko nayo ina eneo lake la mashaka, na ukubwa wa eneo hilo hutegemea jinsi rubani anavyoijua nukta hiyo.

Ikiwa anahesabu muda tangu alipopita juu ya kituo, mashaka ni makubwa. Chukua dakika 2 za kwenda. Bila upepo ndege ya mfano wetu inafika maili 5. Anayewahi kwa sekunde 10, akiwa na upepo wa mbele wa noti 53, hajafika hata maili 3. Anayechelewa kwa sekunde 10, akisukumwa na upepo wa nyuma, ameshapita maili 7. Kabla ya hapo kuna sekunde 0 hadi 6 za rubani kutambua kwamba amekipita kituo na kuchukua hatua. Tena, kituo chenyewe hakijulikani kwa nukta. Juu ya VOR kuna koni ya ukungu wa mawimbi ambayo kwa usanifu hupewa nyuzi 50 kutoka wima, na juu ya NDB, redio sahili ambayo sindano ya ndege huielekea, nyuzi 40. Ndege iliyo mita 860 juu ya antena ya VOR inaweza kuwa zaidi ya kilomita 1 kutoka kituo huku sindano zikiwa hazisemi lolote la kuaminika.

Ikiwa kuna DME, chombo kinachompa rubani umbali wake kutoka kituoni, hali ni nyingine kabisa. Kosa lake huhesabiwa kuwa maili 0.25 pamoja na asilimia 1.25 ya umbali. Kwa maili 6 jumla ni maili 0.33. Linganisha na pengo la zaidi ya maili 4 la mwenye saa ya mkononi. Palipo na DME, sioni sababu ya kumpa rubani hesabu ya muda peke yake, isipokuwa kama njia ya akiba, na hapo maeneo mawili yachorwe na yachapishwe tofauti.

Upana wa eneo la mashaka hutokana na uwezo wa kufuata njia: nyuzi 5.2 kwa kila upande ukitumia VOR, na nyuzi 6.9 ukitumia NDB. Kwa maili 5 hizo za VOR ni karibu mita 840.

Ukishapata pembe za eneo la mashaka, weka nukta a ya kiolezo kwenye kila pembe, mhimili wake ukiwa sambamba na njia ya kwenda, na ufuatishe ukingo wa kiolezo kwa penseli. Michoro yote ikiisha, unganisha kingo za nje kwa mistari inayozigusa, na uirudishe hadi kituoni ili na kipande cha kwenda kilindwe. Hapo umepata eneo la msingi. Angalia pia kwamba ndege inaingia kutoka ndani ya nyuzi 30 kila upande wa njia ya kwenda. Zinazotokea pande nyingine zipangiwe mzunguko wa kusubiri kwanza, na zisiachwe zijitafutie njia.

Kulizunguka eneo la msingi, ongeza eneo la pili lenye upana wa kilomita 4.6, sawa na maili 2.5.

Vizuizi na urefu wa kuchapisha

Ndani ya eneo la msingi kila kizuizi kipitwe kwa mita 300. Katika eneo la pili nafasi hiyo hupungua kwa uwiano hadi sifuri kwenye ukingo wa nje. Chukua mnara wa kubuni ambao kilele chake kiko mita 330 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa ndani ya eneo la msingi, ndege isishuke chini ya mita 630, ambazo ni futi 2,067, na zikipandishwa hadi mia inayofuata ni futi 2,100. Mnara huohuo ukiwa katikati ya eneo la pili, nafasi ni mita 150, jumla mita 480, na urefu wa kuchapisha ni futi 1,600. Kosa la kilomita mbili mahali pa mnara limekugharimu futi 500, kwa hiyo data ya vizuizi ikaguliwe mmoja mmoja, pamoja na urefu wa miti pale ambapo upimaji ulihesabu ardhi tupu.

Ukipata urefu, rudi kwenye muda wa kwenda, ambao huchaguliwa kati ya dakika 1 na 3 kwa hatua za nusu dakika. Makundi A na B hayaruhusiwi kupangiwa kushuka zaidi ya mita 245 kwa dakika yakienda na mita 200 kwa dakika yakirudi. Kwa C, D na E ni mita 365 na 305. Kama muda huo hautoshi kuupoteza urefu unaotakiwa, ongeza nusu dakika, na eneo zima lichorwe upya kwa sababu nukta a imehama. Usiliburute eneo la zamani kwenda mbele.

Mchoro ukikamilika, msanifu mwingine aukague kwa kuanza hesabu upya, bila kusoma za kwako. Baada yake huja uhakiki wa angani pale unapohitajika, kisha kuchapishwa katika kitabu cha taarifa za anga, kwa tarehe za mzunguko wa kimataifa wa siku 28. Utaratibu uliochapishwa hupitiwa tena kwa kipindi kisichozidi miaka 5. Katika mji unaojenga kwenda juu kama Dar es Salaam muda huo ni mrefu. Ofisi ya usanifu iwe inapata nakala ya kila ombi la kibali cha mnara au jengo refu linaloangukia ndani ya eneo la pili, na mchoro wa eneo hilo uwe mezani siku ombi linapojadiliwa.